Mshauri wa teknolojia ugenini: shika tatizo moja, andika kila kitu

Kikao changu cha kwanza na mteja ugenini nilikiingia na slaidi arobaini na mbili. Zilieleza jinsi tutakavyohamisha hifadhidata ya kampuni yao kutoka Oracle kwenda PostgreSQL, programu mbili tofauti za kuhifadhi data: michoro, mishale, rangi. Nikiwa slaidi ya sita, mzee mmoja aliyesimamia ghala la vipuri akanyoosha mkono, akauliza: "Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, lebo zitachapika?"

Sikujua. Sikujua hata kama kuna lebo. Kumbe mizigo yote ya ghala lile ilitoka kwa lebo zinazochapwa moja kwa moja kutoka kwenye hifadhidata ile, na lori la kwanza liliondoka saa moja kasoro robo. Lebo zisipotoka, lori haling'oi. Nilikuwa nimeusoma mfumo wote isipokuwa sababu ya mfumo kuwapo.

Huu ni mwaka wa tisa nafanya ushauri wa teknolojia Ujerumani, na watu huniuliza waanzie wapi. Wengi wanataka kujua wasomee cheti gani. Nitafika huko, lakini hilo ni swali la tatu au la nne. La kwanza ni lile la mzee wa ghala.

Unachouza

Mshauri haitwi kwa sababu anajua kuliko wenyeji. Mara nyingi wenyeji wanaujua mfumo wao kumzidi. Anaitwa kwa sababu kuna kazi ya mara moja ambayo hawajawahi kuifanya, au hawana watu wa kutosha, au wamekwama wao kwa wao na wanahitaji mtu wa nje aseme kile ambacho fundi wao amekuwa akikisema miaka miwili bila kusikilizwa. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, waliona mbali, ila hawakutaja kwamba mgeni huyu anahesabu saa.

Na kweli saa zinahesabiwa. Kampuni ya ushauri hununua muda wako kwa mwezi, kisha humwuzia mteja kwa siku. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo inayolipa ofisi, bosi na wiki ambazo huna mteja. Kwa hiyo utapewa lengo: asilimia fulani ya saa zako lazima zilipiwe na mteja. Asilimia 80 maana yake ni siku nne kati ya tano. Uliza lengo hilo kabla ya kusaini, na uliza pia nini hutokea mtu akikaa benchi miezi miwili bila mradi. Jinsi watakavyolijibu swali hili la pili itakueleza mengi kuhusu kampuni.

Milango ya kuingilia si mingi. Kampuni kubwa kama Accenture, Capgemini au Deloitte hufundisha vizuri na jina lao linakaa vyema kwenye wasifu, lakini watakuweka penye pengo, si pale unapopataka. Kampuni ndogo ya watu ishirini hadi mia moja itakukutanisha na mteja wiki ya pili, utake usitake. Kujitegemea tangu siku ya kwanza sikushauri: viza nyingi za kazi zimefungwa kwa mwajiri, na mteja humnunua mtu aliyesikia habari zake. Ipo njia moja ambayo watu huisahau. Kama mwajiri wako wa sasa ana ofisi katika nchi unayoitaka, omba uhamisho kabla hujatuma maombi hata moja kwingine. Mimi niliingia kwa kampuni ndogo, na ningerudia leo ningeingia huko huko.

Tatizo lenye tarehe

"Najua Java, Python, mitandao, usalama na mifumo ya wingu." Nimeisoma sentensi hii kwenye wasifu nyingi tangu nianze kuketi upande wa pili wa meza ya usaili. Anayeisoma hajui akuite lini. Mtu humwita mshauri anapokuwa na tatizo lenye tarehe, basi anza kwa kuzitafuta tarehe.

Zimejaa. SAP, kampuni ya programu za kuendeshea biashara iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1972 na wahandisi watano waliotoka IBM, imetangaza kwamba mfumo wake wa zamani wa ECC 6 utaacha kupata matunzo ya kawaida mwisho wa 2027. Walio nao wahamie mfumo wake mpya, S/4HANA, uliotoka 2015, au walipie zaidi ili waongezewe muda. Hamahama hiyo inahitaji watu wengi kuliko waliopo. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na bado kuna mashine za viwandani zinazoitegemea. Sheria nazo huzaa kazi: DORA, sheria ya Umoja wa Ulaya ya uimara wa teknolojia katika sekta ya fedha, ilianza kutumika tarehe 17 Januari 2025, na sasa benki na kampuni za bima zinatakiwa kuwa na daftari la mikataba yao yote na watoa huduma wa teknolojia. Wengi walipoanza kulijaza ndipo walipogundua kwamba hakuna mtu mmoja aliyejua mikataba yote iko wapi. Ujerumani, tangu tarehe 1 Januari 2025, kampuni lazima ziweze kupokea ankara za kielektroniki kutoka kwa kampuni nyingine za humo nchini, na wajibu wa kuzituma unaingia kwa awamu hadi 2028. Kila moja ya tarehe hizi ni mlango.

Mlango upi ni wako? Chukua karatasi uandike mara tano ulizoamshwa usiku au kuitwa Jumapili kazini. Usiandike teknolojia, andika nini kilikuwa kimeharibika na nani alikuwa analia. Kwangu mimi, nilipokuwa msimamizi wa hifadhidata, mara nne kati ya tano zilikuwa za kuhamisha data kutoka mahali hadi mahali. Sikuwahi kuuona kama utaalamu. Niliuona kama mkosi.

Kisha utengeneze sentensi moja yenye mteja, kazi na mpaka wake. Yangu ilitoka hivi: "Nahamisha hifadhidata za Oracle kwenda PostgreSQL kwa kampuni zisizoweza kusimama zaidi ya saa nne." Mwenzangu mmoja aliyekuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kuingia kwenye kazi za mifumo ya SAP ana yake: "Nasaidia idara za fedha kufunga hesabu za mwezi kwa siku tatu badala ya tisa." Simu yake haipoi.

Najua hofu inayofuata: nikijibana hivi si nitakosa kazi? Sentensi ni ya kukuingiza tu. Mwaka wangu wa kwanza nilihamisha hifadhidata tatu. Siku zilizobaki zilikwenda kwenye ruhusa za watumiaji, mashine za kuchapia na vikao. Hakuna mteja aliyenifukuza kwa kugusa kitu kisichomo kwenye sentensi yangu.

Ushahidi, kisha vyeti

Kwenye wasifu wako, kila mradi upe mistari minne: hali uliyoikuta, ulichofanya wewe, idadi, na kilichokwenda kombo. Idadi ziwe za kupimika. "Jedwali 340, gigabaiti 900, mfumo ulisimama saa tatu na dakika ishirini kati ya nne tulizopewa" inamtosha msomaji kuliko "uzoefu mkubwa wa mifumo mikubwa." Kama ulisaini ahadi ya siri, usimtaje mteja, "kampuni ya bima yenye watumiaji 600" inatosha. Mstari wa kilichokwenda kombo watu huukwepa, na ndio ninaouanza kusoma. Angalia pia neno "tulifanya." Msaili atakuuliza wewe ulikuwa wapi ndani ya hiyo "tu."

Halafu weka hadharani kitu kimoja kidogo kuhusu tatizo lako. Mimi niliandika kurasa mbili kuhusu mtego mmoja tu. Oracle huhesabu maandishi matupu kuwa ni NULL, yaani hakuna kitu; PostgreSQL hutofautisha kati ya kutokuwapo kitu na kuwapo kitu kitupu. Ukilisikia hivi unaona ni mzaha wa wanafalsafa. Lakini programu ya lebo kule ghalani ilikuwa inasema: mstari wa pili wa anwani ukiwa NULL, uruke. Tulipofanya mazoezi ya kuhama, PostgreSQL ikajibu kwamba mstari upo, ni mtupu tu, na lebo ikachapwa na nafasi wazi katikati, msimbo wa posta ukasukumwa nje ya karatasi. Tuliliona siku ya Alhamisi, kwa sababu ya swali la mzee. Bila yeye tungeliona Jumatatu mbele ya dereva wa lori. Kurasa hizo mbili ndizo zilizoniletea mteja wa pili.

Sasa vyeti. Cheti kinamsaidia mtu wa rasilimali watu akuweke kwenye rundo linalosomwa, na kazi yake inaishia hapo. Chukua kimoja cha teknolojia ya tatizo lako. Kwa walio upande wa wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia mtandao, mtihani wa AWS (huduma ya wingu ya Amazon) wa Solutions Architect wa ngazi ya Associate una maswali 65 kwa dakika 130, ada yake ni dola 150, na cheti hudumu miaka mitatu. ITIL Foundation, cheti cha usimamizi wa huduma za teknolojia, ni maswali 40 kwa dakika 60, unafaulu kwa 26. Kimaarifa si kizito, lakini kitakufundisha kutenganisha tukio (huduma imekatika) na tatizo (chanzo cha kukatika), na hayo ni maneno ambayo idara za teknolojia za kampuni kubwa hugombania kila siku. CISSP, cheti cha usalama wa mifumo, iache kwanza, kwa kuwa inadai uzoefu wa miaka mitano katika angalau nyanja mbili kati ya nane. Nikiona mtu ana vyeti tisa na mradi hata mmoja wa kuusimulia hana, napata wasiwasi.

Karatasi za kuingilia

Viwango nitakavyovitaja ni vya 2025. Hubadilika kila mwaka, kwa hiyo soma tovuti ya serikali yenyewe siku unayoomba.

Ujerumani, Blue Card, kibali cha Umoja wa Ulaya cha kuishi na kufanya kazi kwa wataalamu, kwa kazi za teknolojia ya habari ilidai mkataba wenye mshahara wa angalau euro 43,759.80 kwa mwaka. Kubwa zaidi ni mabadiliko ya Novemba 2023: mtu wa teknolojia asiye na shahada anaweza kuipata akiwa na uzoefu wa angalau miaka mitatu ndani ya saba iliyopita, wa kiwango cha kazi ya msomi. Weka barua za waajiri wako wa zamani zenye tarehe na majukumu. Bila hizo miaka mitatu hiyo ni hadithi. Mwenye shahada atafute chuo chake kwenye anabin, daftari la Ujerumani la vyuo na shahada za nje. Alama ya H+ maana yake chuo kinatambuliwa, lakini angalia na shahada yako yenyewe ilivyoorodheshwa. Fanya hivyo kabla ya kumlipa mtu yeyote akufanyie. Asiye na mkataba anaweza kujaribu Chancenkarte, kadi ya fursa iliyoanza tarehe 1 Juni 2024: njia yake ya kawaida inadai alama sita, na kadi humpa mtu hadi mwaka mmoja wa kutafuta kazi akiwa humo humo nchini, huku akiruhusiwa vibarua vya hadi saa ishirini kwa wiki. Anatakiwa aonyeshe fedha za kujikimu, na fedha hizo ndizo zinazowakwamisha wengi.

Uingereza kuna viza ya Skilled Worker. Kiwango chake cha jumla cha mshahara kilipanda hadi pauni 41,700 mwezi Julai 2025, na mwajiri lazima awe na leseni ya udhamini. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwa kila mtu. Mtu akikupa kazi ya Uingereza, jina la kampuni yake lisipokuwa humo, mazungumzo yameisha. Marekani, H-1B, viza ya kazi ya wataalamu, ina nafasi 65,000 kwa mwaka na nyingine 20,000 kwa wenye shahada ya uzamili au zaidi ya vyuo vya huko, na waombaji hupigiwa kura ya bahati. Tangazo la rais la Septemba 2025 liliongeza malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi. Kwa anayeanza, mimi ningeangalia kwingine.

Mtego wa washauri hasa ni huu: bosi anakuambia, "Nenda kwa viza ya biashara, ni wiki mbili tu." Viza fupi ya Schengen hukupa siku 90 ndani ya kila siku 180, na kwa kawaida unaweza kuhudhuria kikao na kujadiliana mkataba. Kuketi kwenye seva ya mteja na kuitengeneza ni kazi. B-1, viza ya biashara ya Marekani, ina mpaka wa namna hiyo hiyo. Ukikamatwa, rekodi inayochafuka ni yako. Bosi atatuma mwingine.

Na asiwepo wa kukuuzia nafasi ya kazi. Mwajiri wa kweli hatozi ada ya usaili.

Usaili

Watakupa kisa. Kinachopendwa ni hiki: "Mteja analalamika mfumo uko polepole. Utafanya nini?" Mafundi wazuri huangukia hapa. Wanaruka moja kwa moja kwenye faharasa, kumbukumbu, na idadi ya seva. Msaili anasubiri uulize. Nani analalamika? Akiwa anafanya kazi gani? Saa ngapi? Tangu lini, na wiki hiyo kulibadilika nini? Polepole ni sekunde tatu au dakika tatu? Niliwahi kumsaili kijana aliyeuliza maswali tisa mfululizo, muda ukaisha hajatoa suluhisho hata moja. Tulimwajiri.

Jifunze pia kusema hujui kwa namna inayofaa. "Sijui" peke yake ni mlango uliofungwa. "Hilo sijui, nitalijaribu kwenye mashine ya majaribio leo na kukujibu kesho kabla ya saa sita" ni mshauri anayezungumza. Kisha kesho yake, kabla ya saa sita, jibu, hata kama jibu ni kwamba bado unatafuta.

Lugha

Matangazo mengi ya kazi yatasema Kiingereza kinatosha. Kinatosha mpaka kikao kipambe moto. Hapo wenyeji huhamia lugha yao bila hata kujua, na uamuzi hupitishwa ukiwa umekaa palepale unatabasamu. Niliishi hivyo miezi minane. Kilichonisaidia ni kuanza na maneno ya kazi ya mteja kabla ya sarufi: ghala, shehena, hati ya kupokelea mzigo, kurudisha, upungufu. Mzee wa ghala ndiye aliyekuwa mwalimu wangu, na alinisahihisha bila huruma. Ukiwa kwa Wajerumani, tumia "Sie," ile wewe ya heshima, mpaka mkubwa mwenyewe akwambie uiache. Kuikimbilia "du" mapema ni kama kumwita mzee wa watu kwa jina lake tupu.

Andika

Mradi wangu wa pili ulikuwa wa bei iliyokatwa: kazi fulani, pesa fulani, basi. Siku moja nikiwa ukumbini natoka, meneja wa mteja akanifuata, akasema, "Na ripoti pia zitahama, sivyo?" Nikajibu, "Bila shaka." Nilikuwa nafikiria ripoti tano au sita. Zilikuwa sitini na moja, nyingine zimeandikwa na mtu aliyestaafu. Tulifanya kazi wiki tatu bila malipo. Bosi wangu hakufoka. Aliniita tu ofisini, akafungua mkataba, akaniuliza: "Nionyeshe palipoandikwa ripoti." Hapakuwapo. "Sasa nionyeshe palipoandikwa kwamba ripoti hazimo." Hapo pia hapakuwapo.

Tangu siku ile siandiki hadidu za rejea bila sehemu ya yasiyomo. Yaliyomo kila mtu huyaandika. Ugomvi huzaliwa na yale ambayo kila upande uliyadhania kimyakimya. Andika: ripoti hazimo, mafunzo ya watumiaji hayamo, kusafisha data iliyokuwa chafu kabla hatujafika hakumo. Mteja akikasirika, ndiyo wakati mzuri wa yeye kukasirika. Andika pia mteja atakupa nini na lini, maana wiki mbili za kusubiri nywila nimeziona kwenye karibu kila mradi. Andika kazi itahesabiwa imekwisha kwa jaribio gani, na nani kwa jina atasaini. Na andika jambo jipya likizuka litakadiriwa vipi kabla ya mtu yeyote kuligusa.

Hayo ni ya mwanzoni. Katikati ya mradi kuna kazi ndogo iliyonipa jina zuri kuliko ufundi wowote nilio nao: ujumbe wa siku hiyo hiyo baada ya kikao. Wangu huwa hivi:

"Habari za jioni. Kikao cha leo nimekielewa hivi. Kuhama ni Jumamosi tarehe 14, kuanzia saa mbili usiku. Ghala litatoa mtu mmoja wa kujaribu lebo Jumapili asubuhi. Uamuzi wa kurudi nyuma utatolewa kabla ya saa nane mchana Jumapili, na mtoa uamuzi ni meneja wa uendeshaji. Halijaamuliwa: nani atawaarifu madereva. Nilipokosea mnisahihishe kabla ya Ijumaa saa sita mchana."

Mistari michache, haina hata neno moja la kitaalamu. Ona ule wa "halijaamuliwa." Huo ndio watu watakaoujibu, na mara nyingi ndani ya dakika kumi, kwa sababu hakuna anayependa jina lake litajwe madereva wakikwama. Ijumaa jioni natuma mwingine: kilichoisha, kinachofuata, kinachonitia hofu. Hofu nayo iandike mapema. Mteja husamehe habari mbaya aliyoipata Ijumaa. Ile iliyofichwa hadi Jumapili usiku hasahau.

Pesa

Mshahara ulioandikwa kwenye barua usiuangalie peke yake. Uliza kama saa za kusafiri kwenda kwa mteja zinahesabiwa kazi. Kuna mwaka nililala hotelini usiku zaidi ya mia, na safari za Jumapili jioni zilikuwa sadaka yangu kwa kampuni. Uliza kipindi cha matazamio. Ujerumani kinaweza kufika miezi sita, na ndani yake kila upande unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya wiki mbili. Kwa mwenye viza inayotegemea kazi hiyo, wiki mbili ni chache mno. Weka akiba ya miezi mitatu kabla hujanunua hata kitanda kizuri.

Siku ya kujitegemea ikifika, piga hesabu kabla ya kutaja bei. Siku 365, toa 104 za mwisho wa wiki, toa 10 za sikukuu, 25 za likizo na 10 za kuugua: unabaki na 216. Sehemu ya tano ya hizo utakuwa unatafuta wateja, unaandika makadirio au unasubiri. Zinabaki kama 173 za kulipwa. Pesa unayohitaji kwa mwaka, pamoja na bima ya afya, pensheni, kodi na bima ya dhima ya kitaaluma, igawe kwa 173, si kwa 365, wala kwa 261. Wanaoanza hutaja bei ya chini kwa sababu waligawa vibaya.

Kisha jihadhari na kuwa na mteja mmoja tu, unayeketi kwenye meza yake, kwa saa anazokupangia, ukitumia kompyuta yake. Ujerumani watakuita mwajiriwa aliyejificha, na Uingereza kanuni za kodi za IR35, zilizopo tangu 2000, zinauliza swali hilo hilo. Tangu Aprili 2021 wateja wakubwa na wa kati wa sekta binafsi ndio wanaolijibu. Kuhusu kodi, zile siku 183 ambazo kila mtu huzitaja, kwamba ukikaa nchini chini ya hapo hulipi kodi huko, si ngao. Mikataba mingi ya kodi kati ya nchi na nchi huangalia pia nani anakulipa na gharama inabebwa na ofisi ya nchi ipi. Mlipe mhasibu saa moja kabla hujasafiri. Na kwenye ankara andika tarehe ya kulipwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaweka siku 60 kama kikomo cha kawaida kati ya kampuni na kampuni, ila mkikubaliana wazi mnaweza kupita hapo, kwa hiyo soma mkataba kabla ya kusaini. Mimi huandika siku 14 na kulipwa siku ya 30.

Siku ya kuondoka

Usimwache mteja bila karatasi ya makabidhiano: mfumo ukoje sasa, nani ana ruhusa zipi, nini kitaharibika kwanza na kirekebishwe vipi. Iandike kana kwamba atakayeisoma ameamshwa saa tisa usiku. Wiki hiyo hiyo, kabla hawajakusahau, omba mambo mawili: ruhusa ya kuutaja mradi, na maneno machache ya maandishi kutoka kwa mtu aliyetumia kazi yako. Asiwe mkurugenzi. Mkurugenzi atakuandikia aya nzuri ambayo ingemfaa mshauri yeyote.

Jumatatu ile nilifika ghalani saa kumi na moja na nusu, giza halijapasuka. Mzee alikuwepo tayari, amesimama kando ya mashine ya kuchapia, mikono mfukoni, hazungumzi. Miezi miwili baadaye nilimwomba barua. Alinipa karatasi yenye nembo ya kampuni, tarehe, sahihi yake, na sentensi moja, ambayo mpaka leo naiweka juu kabisa ya wasifu wangu: "Lebo zilichapika."